Duma Niliyemlisha Steki

Mwanza nzima wananijua kwa samaki. Ukiuliza pale mwaloni, samaki wanakoshushwa, nani alitoka kwenye toroli akaingia kwenye pikapu bila kurithi hata jembe la baba yake, watu wazima watakuonyesha nyumba yangu, ile ya ghorofa iliyokaa juu ya mawe kule Ilemela. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nikitazama dirishani. Lakini leo siandiki habari za samaki. Naandika habari za duma, kwa sababu wanangu wamesimuliwa na watu kwamba baba yao aliwahi kufuga chui, na mimi sipendi uongo ambao ni mdogo kuliko ukweli.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, enzi za ruksa. Aliyezaliwa juzi hawezi kuujua utamu wake. Tulitoka kwenye foleni ya sabuni tukaingia kwenye maduka yaliyojaa redio za kaseti mpaka barazani. Ndege kubwa zilitua uwanja wetu wa Ilemela zikiwa tupu, zikaondoka na minofu ya sangara kwenda kwa watu tusiowajua. Minofu ikaruka, sisi tukabaki na mapanki: kichwa, mgongo na mkia, mifupa inayobaki kiwandani kisu kikishapita. Mimi nilikuwa mtu wa mapanki. Niliyasukuma kwa toroli mpaka Igogo, ambako akina mama waliyakaanga kwenye mapipa yaliyokatwa katikati, na moshi wake ulikuwa ndiyo saa yetu. Ukiuona umesimama juu ya mabati, ujue ni saa tisa alasiri, na ujue kuna mtu anacheka mahali fulani chini yake. Nimenunua manukato mengi tangu hapo. Hakuna hata moja linalonirudisha nyuma kama ule moshi.

Nilipopata pikapu niliapa. Nikamwambia mke wangu kwamba mfupa hautaingia tena sufuriani mwangu, iwe wa samaki, iwe wa ng'ombe. Mfupa ni wa aliyekosa. Sisi tutakula steki. Mke wangu akaniuliza supu nitaichemsha na nini. Sikumjibu, maana tajiri hajibu kila kitu.

Sasa nieleze habari ya ngoma, maana bila ngoma hakuna duma. Usukumani mtu huzaliwa tayari ana upande wake wa ngoma, na pande ni mbili. Baada ya mavuno zinakutana uwanja mmoja, kila moja inapiga ngoma zake kwa wakati uleule, na hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Mwamuzi ni miguu ya watu. Watazamaji wanahama kwenda kwenye kivutio, na upande utakaobaki unalichezea vumbi ndio umeshindwa, utachekwa mwaka mzima hadi kisimani. Kwa hiyo watu huleta vituko: chatu shingoni, nungunungu, hata fisi wa kufungwa kamba.

Manju wetu, yaani kiongozi wa nyimbo za upande wetu, alikuwa baba yangu mdogo. Miaka miwili mfululizo wenzetu walituachia uwanja mtupu kwa sababu ya fisi wao mmoja mwenye jicho bovu. Baba mdogo akanijia nyumbani, akakalia kochi langu jipya, akalipapasa, kisha akasema, "Mwanangu, una pikapu, una kochi la kuzama. Lakini huko kijijini unashindwa na fisi."

Hayo maneno hayakuniacha nilale. Nikapanda pikapu yangu mpaka ng'ambo ya Magu, kule mbuga inakoanza kunyooka kuelekea hifadhini, nikawaambia wachunga ng'ombe kwamba namtafuta mnyama ambaye hajawahi kuonekana kwenye ngoma. Wiki mbili baadaye waliniita. Ndani ya tenga la kuku kulikuwa na kitoto cha duma, mgongoni kina manyoya marefu ya kijivu kama kimevaa blanketi, na mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, kama mtoto aliyelia akakaukiwa na machozi. Mchungaji aliniambia amekiokota. Sikumuuliza mama yake yuko wapi. Nilijua kwa nini siulizi. Nikamwachia baiskeli yangu ya zamani, nikaondoka na tenga.

Siku ya ngoma nilivaa suti ya buluu, nikaingia uwanjani na yule duma begani. Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile. Watu walipiga kelele "chui, chui," wakakimbia hatua kumi, kisha wakarudi ishirini. Uwanja wote uliinamia upande wetu kama mtumbwi uliokaliwa vibaya. Kule kwa wenzetu alibaki fisi na mwenyewe, wanatazamana. Baba mdogo aliimba mpaka sauti ikakatika, na katika wimbo akanitaja mimi na babu zangu saba, ingawa wa tano na kuendelea nadhani aliwatunga. Duma alikuwa anatetemeka begani kwangu. Nikadhani ni baridi ya asubuhi. Ilikuwa saa nane mchana.

Katika umati ule alikuwemo bwana nyama, ndivyo tulivyowaita maafisa wa wanyamapori. Alikuwa mzee wa Mara, kutoka familia za kando ya ziwa, mzee wa kanisa, shati lake la kaki limefuliwa mpaka likawa rangi ya maziwa. Hakufanya fujo. Alingoja ngoma iishe, watu wapungue, ndipo akanisogelea akisukuma baiskeli yake. Nikamwamkia, shikamoo mzee.

"Marahaba, tajiri," akasema. "Huyo si wako, wala si wa upande wako. Kesho asubuhi umlete ofisini, na wewe mwenyewe ujilete."

Nikajileta. Ofisi ilikuwa kijumba cha mawe kando ya ziwa, huko huko Ilemela, mbele yake magugu maji yamefunika maji mpaka unadhani ni shamba la mtu. Aliniandikia faini, nikalipa. Kisha akaniambia kwamba faini hainyonyeshi mtoto. Duma, alinieleza, hukaa na mama yake mwaka na nusu akifundishwa kuwinda, na asipofundishwa atakufa njaa katikati ya nyama inayokimbia. Huyu inabidi akue, anyooke, ajifunze, arudi mbugani. Ofisi ilikuwa na uzio wa seng'enge na ilikuwa na yeye. Fungu la chakula halikuwepo.

Nikajipiga kifua. Nikamwambia suala la nyama aniachie mimi.

Akaniagiza vizuri kabisa, sina pa kujificha. Alisema nilete sungura mzima, kuku mzima, na manyoya yake, na mifupa yake, nisichambue kitu. Kisha akapelekwa porini na wenzake kufukuzana na majangili, akakaa huko miezi mingi, akirudi siku moja moja tu usiku kuchukua shuka na kuondoka. Na mimi, nikibaki na yule duma, nikawaza hivi: huyu mzee ni mtu mwema ila amezoea dhiki. Kuku na manyoya yake! Huyu ni mgeni wangu, ameniletea heshima ambayo fedha haijaniletea. Mimi nimpe mifupa, kama nani?

Kila asubuhi kabla ya kwenda mwaloni nilipita buchani Kirumba. Nilimwambia mwenye bucha akate steki, atoe mfupa, atoe ngozi, atoe mafuta, hata ule utando mweupe autoe. Akauliza mgonjwa ni nani nyumbani. Mke wangu naye akasema yule duma anakula vizuri kuliko mama yangu mzazi, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikalirekebisha wiki hiyohiyo.

Zile asubuhi ndizo nazitamani mpaka leo. Ziwa limetulia, mawe yana umande, na kutoka kwenye nyasi inatoka sauti nyembamba kama ya ndege. Siku ya kwanza nilitafuta ndege juu ya mti, kumbe ni duma ananiita. Akishakula alilala juu ya viatu vyangu, akikoroma kwa raha kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka mtaa wa pili. Nilimsimulia biashara zangu zote. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo. Na nilimpa jina. Nilimpa langu.

Vuli ilipoanza nikaona ana mwendo wa kutanua miguu ya mbele, nikadhani ni maringo. Nikafurahi hata. Nikasema huyu ananifuata mimi. Kisha asubuhi moja akaruka kutoka kwenye jiwe lisilofika kiunoni, akatua, na hakuinuka. Alinitazama tu. Nikamwinua, akaanguka tena, na ile sauti ya ndege ikatoka mara moja ikanyamaza.

Mzee alirudi siku ya tatu, akaja na daktari wa mifugo mwenye begi moja la ngozi. Daktari akaminya miguu taratibu, kutoka begani mpaka kwenye vidole. Ilikuwa imepinda kama pinde. Akauliza mnyama anakula nini. Nikajibu kwa sauti ya mtu anayengoja sifa, kwamba steki, steki tupu, haijawahi kukosekana siku moja.

Daktari akaanza kufunga begi lake. Akasema mifupa ya mtoto hujengwa na mifupa anayotafuna, na ya huyu imekuwa laini kama muhogo uliochemshwa.

Mzee hakupandisha sauti. "Tajiri," akasema, "umemlisha fahari yako. Yeye alikuwa anahitaji mifupa."

Kisha akanieleza kilichobaki. Duma asiyekimbia harudishwi mbugani. Ama afungiwe kizimbani mpaka kufa, watoto wa shule wamtazame, ama achomwe sindano apumzike. Yeye angeandika barua wakubwa waamue. Nikamwomba asiandike. Nimebembeleza watu wengi maishani, mabwana samaki, mameneja wa viwanda, lakini siku ile ndiyo nilibembeleza kweli. Akatazama ziwa. Akasema ananipa mpaka masika yaishe.

Daktari alikuwa ameagiza kwamba, pamoja na kuku na sungura wazima, mnyama apewe unga wa mifupa ya samaki, kidogo kidogo ndani ya nyama. Basi nikarudi Igogo. Nilisimamisha pikapu mbele ya mapipa yaleyale, nikashuka na viatu vyangu vinavyong'aa, nikaomba mapanki. Wale mama waliniuzia, ila hawakuniacha hivihivi. Mmoja aliyewahi kunikopesha uji nikiwa na toroli akaniuliza, "Baba, steki imeisha mjini?" Wakacheka mpaka moto ukataka kuzima. Nikacheka nao, ningefanya nini. Mke wangu alikausha ile mifupa juu ya bati, akaitwanga kwenye kinu, akaichekecha kwa chekeche la unga wa watoto. Nyuma ya nyumba ya ghorofa nikajenga mabanda ya sungura. Majirani wakasema nimefilisika.

Miguu ya kiumbe hainyooki kwa siku moja. Mwezi wa kwanza alisimama. Wa pili alitembea kuzunguka uzio, akipumzika kila kona. Mzee alikuwa na daftari, anaandika hatua, na mimi nasimama nyuma yake nahesabu kwa midomo. Masika yalipokwisha alikuwa anakimbia polepole kama punda aliyechoka. Daktari akaja, akaminya, akasema miguu imenyooka zaidi ya alivyotegemea, ila nguvu hakuna, lazima akimbizwe.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na hakuna mhandisi aliyenifundisha. Nilipindua baiskeli kuukuu miguu juu, nikatoa tairi la nyuma, nikafunga kamba ndefu kwenye ringi, na kwenye ncha ya kamba nikafunga ngozi ya sungura. Ukizungusha pedali kwa mkono, kamba inajikunja kwenye ringi na ile ngozi inakatiza nyasi kama kitu chenye uhai. Siku ya kwanza duma aliitazama ikipita. Siku ya pili akainuka. Siku ya tano alikuja kwa kasi nikaachia pedali nikalala chini. Mzee alicheka mpaka akakalia jiwe. Ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka kwa meno.

Mavuno yakafika tena, na baba mdogo akafika na wazee wawili. Walitaka duma kwa siku moja tu. Wenzetu, walisema, wameleta mamba. Nikawaeleza kwamba yule mnyama inabidi ajifunze kuogopa watu, na umati wa ngoma ungemharibu.

"Kwa hiyo unamheshimu duma kuliko upande wako," baba mdogo akasema.

"Baba, mimi ndiye niliyemtoa kwao."

Kochi langu hakulikalia siku hiyo. Upande wetu ulibaki na vumbi, na katika wimbo wa kushindwa nilitajwa mimi peke yangu, babu zangu hawakutajwa. Alikaa miaka mitatu bila kuja kwangu. Lilikuwa jambo zito. Silisemi kwa kujisifu.

Kiangazi tulimhamisha duma kwenye boma kubwa la miiba na seng'enge, huko mbuga inakoanza. Mzee akaweka sheria zake. Hakuna kuzungumza karibu na boma. Chakula kiingizwe kwa kamba, asiuone mkono. Na jina life. Ikabidi nikiri kwamba jina ni langu. Akasema mnyama mwenye jina huliitikia hata likiitwa na mwenye mkuki.

Lakini duma alinijua. Pikapu yangu ikifika alikuja mpaka kwenye uzio, akilia ile sauti ya ndege, anajisugua kwenye seng'enge. Mzee akanipa debe tupu na fimbo, nipige kila akikaribia. Nikapiga. Akaruka nyuma, akatikisa kichwa, akarudi, akadhani ni mchezo mpya wa baba yake. Nikapiga tena. Akakaa chini akanisubiri nimalize.

"Tupa jiwe," mzee akasema.

Nikamwambia siwezi.

"Akiachiwa hivi ataenda kwa mtu wa kwanza atakayemwona. Huyo mtu hatakuwa wewe. Tupa."

Nilichagua dogo. Nikatupa nikitaka limkose, na mimi kwa kutupa ni hodari, tangu utotoni nafukuza kwelea mashambani, lakini siku ile mkono ulikataa kunitii. Lilimpata begani. Hakulia. Alirudi nyuma polepole bila kunigeuzia mgongo, akaingia kwenye kivuli cha miiba, akabaki huko mpaka tukaondoka. Kesho yake hakuja kwenye uzio, wala kesho kutwa. Mzee akaandika kwenye daftari. Nikamuuliza ameandika nini. Akasema ameandika "vizuri". Nilikwenda nyuma ya pikapu nikajifanya nafunga turubai.

Mvua za mwanzo za vuli zilipoanguka, swala wakaanza kuzaa, lango likafunguliwa. Hakukuwa na sherehe. Tuliliacha wazi tukakaa mbali garini, na mpaka jioni hakutoka. Siku ya pili boma lilikuwa tupu. Mzee alisema tungoje: siku ya tatu au ya nne njaa ndiyo itasema. Akikamata, ataishi. Asipokamata, atarudi bomani, na hapo ni kizimba.

Siku ya tatu hatukumwona. Sikula. Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, mzee aliteremsha darubini akanipa. Duma alikuwa amesimama juu ya kichuguu, mwembamba mno, mbavu nazihesabu. Chini yake swala walikuwa wanalisha na watoto wao. Alishuka kichuguu kama maji. Kisha akaanza kukimbia, na naapa kwa mama yangu aliyenizaa, sikuona miguu. Nilitafuta ile iliyopinda nisiione, maana ilikuwa haigusi chini. Alikosa wa kwanza, akageuka kona ambayo pikapu yangu ingepinduka mara tatu, vumbi likafunika, na lilipotulia alikuwa amelala juu ya kitoto cha swala, amekishika kooni.

Nikawasha gari. Nilitaka nimwone karibu, nilitaka aone kwamba nimeona. Mzee aliniambia niache, sikumsikia. Tulipofika kama mita mia duma aliinua kichwa, mdomo mwekundu. Aliitazama pikapu iliyomletea steki, na sungura, na unga wa mifupa. Akaacha nyama yake akakimbia.

Nikazima gari. Nilidhani mzee atanigombeza. Akasema tu nirudi nyuma taratibu, mpaka kwenye mti ule wa mbali. Tukarudi. Ikapita kama nusu saa, tai wa kwanza ametua, ndipo akatokea tena kwenye nyasi, akamfukuza tai, akalala akaanza kula, akianzia pajani, na hata kwa umbali ule kwa darubini niliona taya zinavyofanya kazi. Alikula mpaka tumbo likaning'inia. Akajipangusa. Akaondoka akielekea upande wenye majabali, bila haraka, na hakugeuka.

Mzee akafunga daftari, akaniambia niwashe gari, tuna safari ndefu. Sikuwasha mpaka aliponiambia mara ya pili.